Sista alimnyima mama dawa. Ana ruhusa?

SWALI: Hujambo Sista? Mama yangu ana miaka 74, amelazwa kwa ugonjwa wa moyo hapa Nairobi. Daktari aliandika apewe digoksini kila asubuhi. Juzi nilikuwepo dawa zikigawanywa. Muuguzi akamshika mkono, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamuuliza kama chakula kinapita na kama taa anaziona za njano. Kisha akarudisha kidonge kwenye toroli akaenda zake. Nilimfokea: yeye ni nani wa kumpinga daktari? Nusura nimpe mama kidonge cha nyumbani, anavyo mkobani. Nilikosea?
Msomaji, Kayole

JIBU: Ndugu yangu, toroli hilo nimelisukuma miaka 26, na kufokewa nimefokewa. Pole kwa mama. Lakini maswali uliyodhani ni soga ndiyo kazi yenyewe.

Digoksini huupa moyo nguvu ya kusukuma damu, na papo hapo huupunguzia mwendo. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno. Zaidi ya hayo, dawa hii hutolewa mwilini na figo, na figo za mtu wa miaka 74 hazina mbio za ujana. Ndiyo maana kabla ya kuitoa tunahesabu mapigo dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne. Tunahesabu kifuani pia, kwa sababu moyo unaokwenda ovyo hupiga mapigo mengine yasiyofika mkononi. Kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60, kidonge husubiri na daktari huitwa. Kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kuona vitu vya njano au kijani: hizo ni dalili kwamba huenda dawa imezidi. Na kama mama anapewa pia dawa ya kukojoa, potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, yaweza kushuka, na hapo hata kipimo cha kawaida cha digoksini humletea balaa. Mapigo yake hukuniandikia, ila kwa maswali hayo najua mwenzangu alikuwa anatafuta nini.

Kumpinga daktari, hapana. Daktari aliandika kwa hali aliyoikuta alipopita. Sista ndiye aliyesimama kitandani asubuhi ile, na akimpa mgonjwa dawa huku anaona dalili za hatari, hawezi kujitetea kwamba iliandikwa. Ila kurudisha kidonge ni nusu ya kazi. Anapaswa kumpigia daktari wa zamu, kisha aandike kwenye faili: mapigo mangapi, saa ngapi, daktari amesema nini. Kubadili kipimo si kalamu yake. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba hakukueleza. Dakika moja ya maneno ingekutosha.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu. Nilikuwa mgeni kazini, zamu ya usiku, hospitali sitaitaja. Kulikuwa na mzee wa nimonia kitanda cha dirishani. Kwenye chati yake, safu ya kupumua ilisomeka 20, 20, 20, tangu asubuhi. Saa nne usiku nami nikaandika 20. Sikuhesabu. Presha ilikuwa nzuri, nikapita.

Saa sita nikaona chai yake iko palepale, imeshika utando juu. Mzee huyu chai hakuwahi kuiacha, na kila nikipita alikuwa na utani wa kunitupia. Usiku ule alinitazama tu. Nikavuta kiti, nikakazia macho blanketi likipanda na kushuka, saa mkononi, dakika nzima: 32. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Kifaa cha kidoleni kikasoma oksijeni 86. Nikamwekea oksijeni, nikamwita daktari, na kabla ya alfajiri alihamishiwa kwa wagonjwa mahututi. Alirudi wodini, namshukuru Mungu, lakini ile 20 yangu imebaki kwenye faili kwa mwandiko wangu. Wenzangu walinisifu kwamba nina machale. Machale gani? Ni kikombe cha chai kilichonistua. Pumzi huweza kubadilika mapema, presha ikiwa bado inakudanganya, na ndicho kipimo tunachokikisia zaidi.

Sasa ule mkoba. Hapo ndipo ungekosea kweli. Ungempa mama kidonge kile, faili lingesema hajameza kumbe amemeza, na daktari angeamua kwa kusoma faili. Leo saa za kuwaona wagonjwa zikifika, vitoe vyote, hata vya presha na vya miti shamba kama vipo, umkabidhi sista wa zamu. Mwambie mama amekuwa akimeza vipi, vingapi, na cha mwisho alimeza lini. Usimkemee mama. Muulize taratibu kama tangu alazwe amejimezea chochote, na jibu lake ulifikishe kwa sista hata kama litakuaibisha.