Maswali na Majibu: Filamu za Dansi za Miaka ya 1940 na 1950

Kwa nini filamu ya dakika tatu igombewe na wakusanyaji wa nakala za zamani kuliko sinema nzima?

Kwa sababu ya wachezaji. Wacheza dansi wengi Weusi waliotamba New York walipewa na Hollywood kipande kifupi tu, tena majina yao hayakuandikwa. Katika Soundies, filamu fupi za milimita 16 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1940 na 1947, unaweza kuwaona vizuri. Mfano ni "Hot Chocolate", iliyopigwa 1941: Whitey's Lindy Hoppers, kundi la wacheza dansi, wakirushana hewani, bendi ya Duke Ellington ikipiga.

Soundie niliyonunua ina maandishi yaliyogeuka kama kwenye kioo. Nimeuziwa nakala mbovu?

La, hiyo ni dalili njema. Panoram, mashine ya sarafu iliyoonyesha Soundies, ya Mills Novelty Company ya Chicago, ilificha projekta ndani ya kabati na kupitisha mwanga kwenye vioo hadi nyuma ya skrini. Filamu ilichapwa kinyume ili itokee sawa. Maandishi yakisomeka kawaida, yaelekea nakala ilichapwa baadaye kwa projekta za nyumbani. Mteja alitia senti 10 akaona iliyofuata kati ya filamu nane, kuchagua hakukuwepo. Rili ilizunguka mfululizo, ndiyo maana nakala hizo zina michubuko mingi. Mimi ningevumilia michubuko kuliko nakala safi iliyokatwa mwanzo na mwisho.

Alama za duara na pembetatu ukingoni mwa ukanda zinathibitisha mwaka?

Si peke yake. Kodak, iliyotengeneza ukanda, ilizirudia kila miaka 20, kwa hiyo za 1942 ni zilezile za 1962. Tena zinahusu mwaka ukanda ulipotengenezwa, na huenda zimenakiliwa kutoka negativu.

Inanuka siki. Niiweke kwenye projekta?

Pima kwanza. Asetati, yaani plastiki ya ukanda, inaoza, na ikioza husinyaa. Laza fremu 100 zake kando ya fremu 100 za ukanda mpya, ambazo ni milimita 762. Ikipungua kwa fremu moja, imesinyaa asilimia 1: meno ya projekta yatararua matundu. Ipeleke kwenye skana isiyo na meno, inakiliwe kidijitali. Itenge na nyingine, kwa kuwa mvuke wake wa asidi huziozesha, na usiifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Joto na unyevu huharakisha uozo.

Rangi imekuwa nyekundu tupu. Itarudi?

Kwenye ukanda, haitarudi. Huenda ni Eastmancolor, ukanda wa rangi wa Kodak unaofifia hivyo. Skana itarekebisha kiasi tu. Punguza bei unayotoa, au tafuta nakala ya Kodachrome, ukanda wa Kodak ambao rangi zake hudumu zaidi.