Kufunga gia boksi ya gia tano kwenye Land Cruiser ya zamani: pima kabla hujakata chochote

Wenye FJ40 na FJ45 mnanielewa. Injini yake ya petroli ya 2F, silinda sita za mstari mmoja, lita 4.2, ina nguvu ya kuvuta ambayo magari mengi ya leo hayaigusi kwenye mwendo mdogo. Tabu inaanza ukiingia lami ndefu. Gia ya nne imeisha, injini inalia, mafuta yanateketea, na wewe na abiria wako mnaongea kwa kupiga kelele.

Hesabu yake ni rahisi. Ukiwa na difu ya 4.11 (propela huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko wa tairi) na tairi za inchi 31, kilomita 100 kwa saa ndani ya gia ya nne zinataka mizunguko kama 2,770 kwa dakika. 2F hutoa nguvu yake ya juu kabisa kwenye 3,600, kwa hiyo hapo unaiendesha mbio muda wote wa safari. Gia boksi ya H55F, ya Toyota wenyewe, ina gia ya tano yenye uwiano wa takriban 0.845. Mwendo ule ule, injini inashuka hadi kama 2,340. Tofauti hiyo utaisikia masikioni, na utaiona kwenye geji ya mafuta.

Wengi huniuliza kwa nini wasifunge gia boksi yenye gia ya juu nyepesi zaidi, kama zile T5 za Kimarekani, ambazo baadhi zina gia ya tano ya 0.63. Jibu langu halijabadilika: itaibana injini. 2F huvuta vizuri zaidi karibu na mizunguko 1,800. Kwa H55F, ukitembea 80 uko kama 1,870, mahali penyewe. Kwa 0.63 utakuwa 1,400, na kilima kidogo tu kitakurudisha gia ya nne. Gia ya tano usiyoweza kuitumia ni mzigo wa chuma chini ya gari. Hata kwa H55F, ukiwa chini ya kilomita 60 iache gia ya tano, na mlima mkali kama Kitonga upande kwa gia za chini kama zamani. Faida nyingine ya H55F ni gia ya kwanza, yenye uwiano wa takriban 4.84; namba ikiwa kubwa, nguvu ya kuvuta inaongezeka. Kama ulikuwa na H42, gia boksi ya gia nne ambayo gia yake ya kwanza ni 3.55, kuondoka na mzigo kwenye tope kutakuwa kazi nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. H55F zimefungwa kwenye Land Cruiser za aina nyingi, petroli na dizeli, na muuza spea atakuambia zote ni moja. Usilipe kwa maneno. Nenda na klachi pleti yako mkononi, ivishe kwenye shafti ya mbele ya hiyo gia boksi. Iteleze yenyewe bila kulazimishwa na bila kucheza. Kisha pima urefu wa shafti na unene wa ncha inayoingia kwenye beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Shafti fupi haitaifikia beringi. Ndefu itaigonga krenki ukikaza bolti. Angalia transfa pia, boksi la nyuma ya gia boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma: zile za zamani zenye boksi la kipande kimoja hazikai hivi hivi kwenye H55F. Ya vipande viwili, iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo inayokupunguzia kazi.

Hatua inayorukwa na mafundi wengi, na inayoua gia boksi nyingi, ni kupima kitovu. Hauzingi ya klachi ikishafungwa kwenye injini, tundu lake la katikati lazima liwe sawasawa na mstari wa krenki. Funga dayo geji (geji ya sindano ya kupimia tofauti ndogo sana) kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu lile, halafu zungusha injini kwa mkono polepole mzunguko mzima. Sindano isitembee zaidi ya milimita 0.25. Nusu ya kipimo hicho ndiyo kupotoka kwenyewe. Ikizidi, sahihisha kwa pini zilizochongwa kando kidogo ya kitovu, na upime tena. Fundi akikuambia bolti zitaivuta yenyewe, mtafute mwingine. Gia boksi iliyopinda hivyo huchomoka gia, hula beringi ya mbele, na utatumia fedha kutafuta ugonjwa ndani ya boksi wakati ugonjwa wenyewe uko nje.

Wakati wa kuipandisha, jeki ibebe uzito wote mpaka bolti zote nne zimeshika. Gia boksi ikining'inia kwenye klachi pleti hata kwa dakika chache, pleti inapinda, na klachi haitaachia vizuri. Na kwa kuwa kila kitu kiko wazi, badilisha oili sili ya nyuma ya krenki. Ni bei ndogo ukilinganisha na kushusha mzigo huo mara ya pili.

Propela zote mbili zipimwe urefu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na mzigo wake wa kawaida, si likiwa juu ya mawe. Kebo ya spidomita na krosimemba (chuma cha kukatiza chasi kinachobeba gia boksi) utazimaliza kwa fundi wa kuchonga vyuma.

Breki za ngoma mbele na nyuma? Zishughulikie kwanza, kabla ya gia boksi, kwa sababu utaanza kutembea kasi zaidi bila kujua.

Na baada ya safari ndefu ya kwanza, fungua tapu za kuangalia oili kwenye gia boksi na kwenye transfa. Moja ikiwa imejaa kupita kiasi na nyingine imepungua, sili ya katikati yao inapitisha. Irekebishe mapema, oili ya gia boksi haijaisha ukiwa njiani.