Kipimo cha mfupa bila mionzi kwa mtoto

Pole sana mama na huyo kijana wako wa miaka 7 aliyeanguka mwembeni akaumia mkono, miembe imetuvunja wengi 😅 Umeuliza kama kuna kipimo cha kuona mfupa uliovunjika bila mionzi, kipo, ni ultrasaundi ileile ya wajawazito, wanapaka jeli wanapitisha kifaa juu ya mkono, mfupa mzima unaonekana kama mstari mweupe laini, ukivunjika mstari unakatika au unabonyea. Inafaa hasa mkono hapo karibu na kiganja, maana mifupa ya watoto mara nyingi haikatiki kabisa, inabonyea tu kama bua bichi. Kule Queensland, Australia walifanya utafiti ukatoka 2023, watoto 270 wa miaka 5 hadi 15, nusu wakaanza na ultrasaundi nusu eksirei, baada ya wiki 4 mikono ya makundi yote mawili ilikuwa inafanya kazi sawa tu. Ila waliopima walifundishwa haswa, na wakiona mfupa umekatika kweli sio kubonyea, mtoto alipelekwa eksirei vilevile. Kwahiyo ukiambiwa eksirei usigome, mionzi ya kupiga mkono ni kidogo mno jamani. MRI, ile mashine kubwa ya sumaku unayoingizwa ndani, nayo haina mionzi lakini bei yake weee, na mtoto wa miaka 7 atulie humo ndani bila kujitikisa, wa kwangu asingeweza. Kama mkono umepinda au vidole vina ganzi au vimepauka, usisubiri majibu yetu humu, mpeleke sasa hivi.