Mtoto akisema nusu, usimmalizie

Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono hasemi yote siku moja. Anatupa kipande, "Sitaki tena kwenda tuisheni," kisha anakutazama usoni. Ukiruka na "Nitamuua!" hatakupa cha pili. Anaogopa ameleta balaa nyumbani.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa katika waliofanyiwa ukatili wa kingono utotoni, wasichana waliowahi kumwambia mtu ni takriban nusu, wavulana kama theluthi moja tu. Kwa hiyo kipande hicho ni adimu.

Sema "Niambie ilivyokuwa," halafu nyamaza. Akikwama, rudia neno lake: "Umesema alikuita chumbani. Ikawaje?" Usimtajie jina la mtu wala kiungo cha mwili ambacho hajakitaja mwenyewe; mahakamani wakili wa mshtakiwa atataka kujua nani alianza kulitamka. "Kwa nini hukusema mapema?" ni lawama, hata ukiuliza kwa upole. Na usiahidi siri. Mwambie utamweleza mtu anayeweza kusaidia.

Andika palepale: tarehe, saa, swali ulilouliza, maneno yake kama yalivyo. Akisema "kidudu", andika kidudu.

Kisha acha kuhoji. Mama akiuliza, shangazi akarudia, mwalimu mkuu naye akaita ofisini, mtoto anadhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, analibadilisha. Baadaye anaitwa mwongo.

Kama ni kitendo cha karibuni, asioge. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni, maana unyevu huozesha ushahidi. Hospitali kwanza: dawa za kuzuia VVU huanzishwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina thamani. Halafu Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ni bure, Tanzania na Kenya.

Panapoharibika zaidi ni wiki zinazofuata, mtoto anapokana aliyoyasema. Utafiti wa California wa mwaka 2007, uliopitia majalada 257 yaliyothibitishwa, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikana. Waliokana zaidi ni wadogo, waliotendewa na mzazi au mlezi, na wale ambao mzazi wa pili hakuwaunga mkono. Huku kwetu shinikizo hilo lina jina: kikao cha ukoo, "tuyamalize nyumbani". Kwa hiyo mtoto akikana, uliza kwanza nani amekaa naye tangu aseme, na anakula kwa nani.