Jibu: Kuhifadhi nanaa, mrehani na kotmiri bila gharama

Dada, umeuliza utahifadhi vipi nanaa, mrehani na kotmiri ya uani kwako hapo Langoni, maana ukiianika hupauka na harufu yote hupotea.

Tatizo ni jua kali. Harufu ya majani ni mafuta, na joto huyarusha. Anika kivulini penye upepo. Chuma asubuhi umande ukishakauka, osha mchanga, kung'uta maji, kisha tandaza majani kwenye ungo bila kuyarundika, ukifunika kwa leso nyepesi kuzuia nzi na vumbi. Jioni ingiza ndani, kwani hewa yetu ya bahari ina unyevu na usiku majani hulainika tena. Finya jani moja: likivunjika vipande vipande, tayari, likikunjika tu, bado, na ukilitia chupani litaota ukungu. Weka mazima kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, uyasage siku ya kupika. Kaskazi ndiyo wakati wake. Masika utahangaika bure.

Njia hii yafaa nanaa na mchaichai. Mrehani hukauka pia, ingawa hupungua ladha.

Kotmiri usiikaushe kabisa, itabaki kama nyasi. Isage na maji kidogo, gandisha kwenye trei ya barafu, hata kwa friza ya jirani.

Na tafadhali, usiloweke majani mabichi au kitunguu saumu kwenye mafuta ukayaacha kabatini. Humo huweza kuota vijidudu vya sumu hatari bila harufu wala dalili yoyote.