Kwa fundi wa Arusha na Moshi anayeingia kazi ya kuzamisha meli

Ukitoka VETA Moshi na cheti cha uchomeleaji, au ukitoka gereji za Unga Limited ukiwa na mkono mzuri wa kukata chasisi za lori, unaweza kudhani kuzamisha meli ya kivita iliyostaafu ili iwe makazi ya samaki ni kazi ya baruti. Baruti ni ya dakika chache na ina wenyewe. Yako wewe ni miezi ya kusafisha na kutoboa, na humo ndimo meli inapofaulu au kuharibikia.

Unaanza na mafuta. Matangi ya dizeli na ya mafuta ya injini yananyonywa, yanaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha yanafutwa kwa matambara. Tangi lenyewe halisumbui sana. Yanayosumbua ni mabomba, kwa sababu mafuta hujificha kwenye kona za chini, ndani ya vali na kwenye chujio. Likate bomba pale linapoinama, weka ndoo, uliache lidondoke usiku kucha. Ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya meli, haina njia ya mkato: tope lake la grisi, kutu na maji ya chumvi linachotwa kwa koleo. Ukimwaga maji safi ukaona utando unaometa juu yake, rudia.

Lakini usiingie tangi lolote kabla halijapimwa hewa. Chuma kinachopata kutu ndani ya chumba kilichofungwa kinakula oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 20.9; kipimo kikishuka chini ya 19.5, huingii. Mvuke wa mafuta nao ukifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, moto wa gesi hauwashwi. Mlangoni asimame mtu ambaye kazi yake ni kukuangalia tu, na ukianguka asikufuate ndani bila mtungi wa hewa. Tumezoea kusikia watu wawili watatu wamekufa kwenye shimo moja la choo. Wa pili na wa tatu ni wale waliokimbilia kuokoa.

Sumu inayogharimu zaidi ni PCB. Ni jamii ya kemikali zilizowahi kuwekwa kwenye mafuta ya transfoma, yale ambayo kila mara tunasikia yameibwa yakakaangiwa chipsi. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, kwa hiyo meli ya zamani zaidi ya hapo ichukulie kuwa inayo mpaka maabara ikuambie vinginevyo. Iko kwenye maganda ya kebo, gasketi za mpira, rangi, hata vitambaa vya kuzuia joto. Mpaka unaotumika Marekani ni miligramu 50 kwa kilo. Kinachofika hapo kinatolewa, la sivyo kinaombewa kibali maalumu. Manowari ya kubeba ndege Oriskany ilizamishwa kwa kibali cha namna hiyo, ikiwa bado na zaidi ya kilo 300 za PCB, nyingi zikiwa ndani ya kebo. Kwenye meli ya Vandenberg, iliyozamishwa Key West, Florida, mwaka 2009, walivuta nje karibu kilomita 250 za nyaya, yaani Arusha hadi Moshi mara tatu.

Hapa ndipo mazoea ya skrepa yanapoponza watu. Ukiona rundo la kebo, mkono unawasha moto ili upate shaba. Usifanye hivyo. PCB ikiungua kwa moto hafifu inazaa dioksini, ambayo ni mbaya kuliko PCB yenyewe. Kebo inamenywa kwa mashine au inauzwa na ganda lake kwa mwenye kibali. Asbesto ya kwenye mabomba ya mvuke hulowanishwa kabla ya kuguswa na hufungwa kwenye mifuko miwili, wala haifagiliwi kavu.

Sasa uzito. Dizeli na injini hukaa chini kabisa. Kila unachokitoa huko kinapandisha kitovu cha uzito, na meli inaanza kuyumba kivivu, ikilala upande mmoja na kuchelewa kurudi. Ndiyo maana milingoti na vitu vizito vya juu hukatwa mapema, na pengine injini iliyosafishwa huachwa mahali pake. Mhandisi ana hesabu yake, lakini hesabu hiyo inategemea wewe kuandika kila tani iliyotoka na imetoka wapi. Daftari likidanganya, meli itapinduka.

Kutoboa ndiko kwenye ufundi. Wanaokumbuka MV Bukoba, mwaka 1996, wanajua kwamba ilipinduka ikabaki inaelea, na tumbo lilipotobolewa ili kuokoa watu, hewa ikatoka na meli ikazama. Kinachoibeba meli ni hewa iliyofungiwa ndani, kwa hiyo kila tundu la kuingiza maji linataka tundu la kutolea hewa juu yake, sitaha (sakafu ya meli) kwa sitaha, hadi nje. Piga hesabu: tundu la mita moja ya mraba lililo mita 3 chini ya maji huingiza tani 4 hadi 5 kila sekunde mwanzoni. Hewa ya ujazo uleule lazima ipate pa kutokea. Ikikosa, chumba hicho kinageuka puto, na mwisho mmoja wa meli unakataa kuzama.

Matundu ya kushoto na kulia yalingane. Maji yaliyojaa nusu kwenye sitaha pana hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi, basi kuta za ndani zinazogawa sitaha usizikate ovyo kwa kuwa tu zinazuia njia yako. Kona za tundu zikate kwa mviringo, maana kona kali huanzisha ufa, na kingo zisage kwa grainda. Atakayepita hapo baadaye ni mzamiaji mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Kila chumba kinachoachwa wazi kiwe na njia mbili za kutokea. Matundu yaliyo karibu na mstari wa maji yanazibwa kwa bati hadi siku yenyewe.

Meli ya Spiegel Grove, yenye urefu wa mita 155, ilianza kuzama kabla ya saa yake huko Key Largo, Florida, tarehe 17 Mei 2002. Ikapinduka, omo (sehemu ya mbele) ikabaki imechomoza juu ya maji. Wiki chache baadaye walifanikiwa kuilaza ubavu tu. Kimbunga Dennis ndicho kilichoisimamisha wima mwaka 2005. Bahari ilifanya bure kilichowashinda wenye pesa, ila usipange kazi kwa kutegemea kimbunga.

Mahali pa kuzamisha pawe mchanga mgumu, si tope wala matumbawe hai, na juu ya ncha ya juu kabisa ya meli pabaki maji ya kutosha vyombo kupita. Oriskany ililazwa kwenye kina cha mita 65. Mafungu 22 ya baruti yaliwekwa kwenye mabomba yanayoingiza maji ya bahari, na meli ikachukua dakika 37 kuzama. Vandenberg haikumaliza dakika mbili. Nanga hufungwa omo na tezi (nyuma) ili mkondo usiigeuze. Kwa pwani yetu, tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huja kabla ya yote, na ukitaja baruti baharini jiandae kwa maswali mengi, kwa jinsi uvuvi wa mabomu ulivyotuumiza.

La mwisho kabla hujashuka melini, dogo: chumba ambacho hakina njia ya pili kisifungwe kwa kufuli. Funika mlango kwa bati, chomelea pande zote, uache tundu dogo la hewa juu na jingine la maji chini, kisha uandike namba ya chumba kwenye ramani watakayopewa wazamiaji.