Dodoso la imani ya haki: usijumlishe alama zote

Mwalimu, umeuliza kama swali moja, "Je, dunia ina haki?", linatosha kwa utafiti wako wa ari ya kufaulu kidato cha tatu. Halitoshi. Kuna imani kwamba dunia kwa jumla ina haki, na kuna imani kwamba mimi binafsi hutendewa haki. Claudia Dalbert, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alizipima kando: kauli 6 za jumla, 7 za binafsi, majibu ngazi 1 hadi 6. Ukizijumlisha, unaifunika ile ya binafsi, ambayo ndiyo hugusa zaidi bidii: mwanafunzi hakeshi na daftari kama haamini kwamba jasho lake litahesabiwa.

Ile ya jumla ina ubaya wake. Mwaka 1966 wanasaikolojia Lerner na Simmons walionyesha kwamba watu wakishindwa kumsaidia anayeumia bila kosa, huanza kumdharau. Ndivyo asiye na kitabu anavyoitwa mvivu.

Kauli za Dalbert zikishatafsiriwa kwa Kiswahili, mtu mwingine azirudishe lugha ya awali bila kuona maandishi ya asili, kisha wanafunzi wachache wakueleze kila kauli wanavyoielewa. Karatasi zisikusanywe na mwalimu wa darasa, tafadhali, watamwandikia anachopenda. Ongeza maswali kuhusu haki katika usahihishaji na adhabu.

Pima mwanzo wa muhula na tena baada ya mtihani, kwa namba badala ya majina. Ukipima mara moja tu, hutajua kama imani ilileta ufaulu au ufaulu ndio ulioleta imani.